Kanga na Jezi: Nani Asemaye Kifuani mwa Shabiki?

Malalamiko yanayosikika mara kwa mara juu ya mpira wa miguu ni kwamba fedha zimeuharibu. Husemwa kuwa zamani watu walizipenda timu zao kwa moyo, na sasa wazipenda kwa mfuko. Kwamba uwanja umekuwa soko na mchezo umekuwa bidhaa. Malalamiko haya yana kweli ndani yake, lakini kama hukumu hayatoshi, kwa sababu hayatuonyeshi ni kitu gani hasa kilichobadilika. Fedha zilikuwamo katika michezo yetu kabla mpira haujatia mizizi pwani. Katika makala haya nataka kuuliza swali jembamba zaidi, ambalo mwanafunzi wa lugha ana haki ya kuliuliza: jezi ikisomwa kama maandishi, ni nani asemaye? Njia nitakayoifuata ni kuilinganisha jezi na vazi jingine la watu wetu lenye maneno, yaani kanga, au leso kama waitavyo wenyeji wa Mombasa.

Kila ajuaye kanga ajua kuwa ina sehemu tatu. Pindo ni mpaka uizungukao pande zote nne. Mji ni uwanja wa katikati. Na jina ni yale maneno machache yaliyopigwa chapa upande wa chini wa mji. Tena yafaa kukumbuka kwamba kanga haikuwa kamwe kitu kilichotengwa na biashara. Ilipigwa chapa katika viwanda vya Ulaya, Bara Hindi na Japani kabla ya viwanda vya Afrika ya Mashariki kuishika kazi hiyo, na waliyoieneza ni wafanya biashara wenye maduka. Mmoja wa hao alikuwa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye alama yake, K.H.E., pamoja na maneno Mali ya Abdulla, imejulikana kwa wanawake wa pwani vizazi kwa vizazi. Basi jina la mwuzaji limo katika kanga. Asiyeliona ni yule asiyetazama.

Lakini tutazame limekaa wapi. Limekaa pembeni, kwa herufi ndogo, kama sahihi ya fundi chini ya kazi yake. Mahali pa heshima, palipoachwa wazi kwa herufi kubwa, ni pa jina la kanga, na jina hilo huchaguliwa na mnunuzi. Mwanamke aingiapo dukani husoma doti moja baada ya nyingine, akaziacha ishirini, akaichukua moja, kwa kuwa maneno yake yamlenga jirani fulani, au yamtuliza mume, au yamshukuru mama. Maneno hayo yametungwa na mtu mwingine na kupigwa chapa mara elfu. Walakini maana yake haitimii mpaka yavaliwe na mtu fulani mbele ya mtu fulani. Mapatano ya kanga ni haya: mwuzaji apata fedha, na mvaaji apata kauli. Kila mmoja huondoka na chake.

Nalitaja jambo hili kwanza ili nisije nikadhaniwa kuwa napigana na biashara. Wala sitaki kudai kwamba mapenzi ya zamani hayakuwa na gharama. Methali yetu yasema, mcheza kwao hutunzwa. Na kutunza ni kutoa, kumbandika mchezaji fedha mbele ya watu. Ngoma za beni, zilizoenea kutoka Lamu na Mombasa hata Tanga, Dar es Salaam na bara katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya kwanza ya karne ya 20, zilikuwa vyama vya ushindani mkubwa. Marini na Arinoti walishindana kwa mavazi, kwa vyeo, kwa tarumbeta na kwa karamu, na watu walitumia mali nyingi ili upande wa pili ufedheheke. Atakayesema kwamba kujionyesha kwa nguo na vitu kumeletwa na mpira wa siku hizi, hajasikia habari za beni. Tofauti haimo katika kutumia. Imo katika mambo mawili: aliyetoa alijulikana kwa uso, na alichotoa kililiwa na wenziwe au kilimwaibisha mtani wake. Mali ilizunguka ndani ya ngoma.

Desturi hiyo haijafa. Mwaka 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoahidi shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na la Yanga katika mashindano ya Afrika, watu hawakuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Waliliita goli la Mama. Ndiko kutunza kule kule, kwa jina jipya.

Sasa tuzitazame timu zenyewe. Yanga iliundwa mwaka 1935, na Simba ikafuata mwaka 1936, zote mbili mjini Dar es Salaam, na makao yao hata leo yako Kariakoo na Jangwani, mwendo mfupi wa miguu baina yao. Simba haikuanza na jina hilo. Imepata kuitwa Queens, ikaitwa Eagles, kisha Sunderland, jina la klabu ya Uingereza; na kwa jina hilo la mwisho ilichukua ubingwa wa ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965. Mwaka 1971 jina la kigeni liliwekwa kando, likashikwa la Simba. Kitendo hicho chastahili kufikiriwa na kila asomaye maneno. Timu haikubadili wachezaji wala mtaa wala rangi. Ilibadili neno tu. Wanachama walikuwa na hakika kwamba jina walibebalo ni kauli yao mbele ya watu, na kwa hiyo lazima liwe lao.

Yanga nayo hujiita timu ya Wananchi. Neno mwananchi si neno dogo: lilibeba mzigo wa siasa katika miaka ya kudai uhuru, na mtu aitwaye hivyo ana haki katika nchi, haombi ruhusa ya kukaa. Pamoja na hilo Kiswahili kimewapa wapenzi wa timu majina mengine yenye vipimo mbalimbali. Mwanachama hulipa ada na kupiga kura katika mkutano mkuu. Shabiki hushangilia. Mkereketwa, neno lililokomaa katika siasa za chama, ni yule ambaye jambo lamwasha kifuani mfano wa kitu kilichomkwama kooni. Mnazi ni yule ambaye hata akishindwa kwa hoja hashindwi kwa moyo. Juu ya yote hayo liko neno mtani. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na lugha haikuliokota neno hilo ovyo. Utani wa makabila yetu ni ruhusa ya kumtukana mtu usiyemchukia. Una sheria zake, na sheria kubwa ni kwamba mtani hakukimbii siku ya msiba: huja mazikoni, hufanya kazi, huchekesha wafiwa, na hudai chake.

Kwa kuwa tumekwisha kuyapima maneno hayo, na tuisome jezi. Nayo ina sehemu zake. Rangi ni sawa na mji wa kanga: nyekundu na nyeupe kwa Simba, kijani na njano kwa Yanga. Nembo ya klabu ni sawa na sahihi ya ukoo. Na yako maneno ambayo timu zimejitungia wenyewe. Yanga husema, Daima mbele, nyuma mwiko. Simba husema, Nguvu moja. Haya ni majina ya kanga kamili. La kwanza lina mizani ya pande mbili zinazopingana, mbele na nyuma, na mwishoni limewekwa neno la miiko, zito kama mlango uliofungwa. La pili ni fupi hata haliwezi kupunguzwa. Mtu akivaa maneno hayo, twajua asemacho na amwambiaye nani.

Lakini maneno hayo hayakukaa mahali pa jina. Mahali pa jina, yaani kifuani, kwa herufi kubwa kuliko zote, pana neno la mdhamini. Mwaka 2017 neno hilo lilikuwa SportPesa, na lilikaa kifuani mwa Simba na kifuani mwa Yanga kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo bia ya Kilimanjaro ilikuwa imezidhamini timu hizo hizo mbili kwa miaka kadhaa. Hebu tulitazame neno lenyewe. Nusu yake ni Kiingereza na nusu yake ni Kiswahili. Mchezo umetajwa kwa lugha ya kigeni, na pesa imetajwa kwa lugha ya nyumbani, ili asikose kuielewa mtu yeyote. Si sentensi. Halina mtendaji, halina anayeambiwa, wala haliwezi kujibiwa. Simba na Yanga wakikutana na watu elfu sitini wakijaa katika uwanja wa Benjamin Mkapa, upande mmoja umevaa nyekundu na upande wa pili kijani, na vifua vyote vyasema neno moja. Mtu angaliyavaa maneno yale yale ya kanga aliyoyavaa hasimu wake, watu wangalicheka. Methali yasema, biashara haigombi. Ni kweli, na ndiyo sababu biashara haiwezi kuwa mtani.

Mpenzi wa mpira aweza kujibu kwamba neno la kifuani si kauli, ni alama tu, na hakuna alisomaye. Jibu hili lakanushwa na mashabiki wenyewe. Katika miaka ambayo Vodacom iliidhamini Ligi Kuu, Yanga walikataa kuivaa nembo yake katika rangi nyekundu, kwa kuwa nyekundu ni ya Simba, mpaka wakaruhusiwa kuivaa kwa rangi nyeusi. Wako waliowacheka kwa ajili hiyo. Kwangu mimi walisoma vizuri kuliko waliowacheka: walijua kwamba kilichoandikwa mwilini husema, na wakakataa kusemeshwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba walipigania rangi ya neno, wasiulize habari za neno lenyewe.

Kisha tulifikirie neno mdhamini. Katika mahakama na katika mitaa, mdhamini ni mtu ajitiaye katika deni la mwenzake; mwenzake akikimbia, yeye hushikwa. Je, mdhamini wa mpira ni mdhamini kwa maana hiyo? Kenya imetupa mfano. Gor Mahia na AFC Leopards ni watani wakubwa kama Simba na Yanga, na SportPesa iliwadhamini wote wawili. Mwaka 2019 kampuni ilipopata shida ya leseni na serikali, udhamini uliondolewa, na vilabu vikaachwa katika dhiki ya fedha. Simtafuti mkosa katika ugomvi ule wa leseni. Kampuni iliyofungiwa kazi haiwezi kutoa isichonacho. Nasema tu kwamba siku ya shida aliyeitwa mdhamini ndiye aliyetangulia kuondoka, na waliosalia uwanjani ni wale wasioitwa wadhamini. Lugha imemkopesha mwenye tangazo neno la heshima ambalo hakulilipia.

Na bado hatujasema jambo zito kuliko yote, yaani aina ya bidhaa itangazwayo. Sabuni ikiandikwa kifuani, hainigeuzi niwe mpenzi wa namna nyingine. Kamari ni mbali na hayo, kwa sababu kinachouzwa ni huo mpira wenyewe, na mnunuzi atafutwaye ni huyo shabiki mwenyewe. Mwenye kubashiri hana budi kuchagua kwa hesabu. Kijana mnazi wa Simba, akiona hesabu zampa Yanga ushindi juu ya timu ya tatu, huiweka Yanga katika orodha yake. Na siku hiyo avaa nyekundu nje hali ndani aiombea kijani. Hajamsaliti mtu kwa makusudi. Ila mapenzi yake yamekwisha kupasuka sehemu mbili, na kifua chake ndicho kilichomfundisha.

Maneno ya mitaa yamelishuhudia jambo hili kabla ya wataalamu. Orodha ya mechi nyingi anazobashiri mtu kwa pamoja huitwa mkeka. Mechi moja ikienda kombo, husemwa kuwa mkeka umechanika. Mkeka katika nyumba ya Mswahili ni kitu cha kukalia watu wengi: hutandikwa kwa mgeni, kwa chakula, kwa maulidi na kwa matanga. Mkeka huu mpya hukaliwa na mtu mmoja, na kila asubuhi hutandikwa upya. Vivyo hivyo neno mteja. Katika Kiswahili cha zamani mteja hakuwa mnunuzi tu. Alikuwa pia mtu aliye chini ya mganga, afuataye masharti yake. Mitaani limekatwa kichwa likawa teja, nalo ni jina la mtu aliyetawaliwa na dawa za kulevya. Sisemi kwamba kila abashiriye ni teja. Lakini lugha iliyotoa maneno mwanachama, mtani na mwananchi ndiyo hiyo hiyo iliyotoa mteja na teja, na anayetaka kumhamisha shabiki kutoka upande mmoja hadi wa pili yafaa aijue njia yote, na mwisho wake.

Nitajibiwa kwamba bila fedha hizo timu zisingefika zilikofika. Hoja hii ni nzito, nami siipuuzi. Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, ikashindwa na Stella ya Abidjan. Ikapita miaka 30 kabla timu ya Tanzania haijafika tena fainali ya Afrika, ndipo Yanga ilipofika ile ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, ikalikosa kombe mbele ya USM Alger kwa kanuni ya magoli ya ugenini. Mwaka 2025 Simba nayo ikafika fainali ya kombe hilo hilo, ikashindwa na RS Berkane. Safari hizo zilihitaji wachezaji wazuri, na wachezaji wazuri huhitaji mishahara. Asiyetaka fedha ziingie ataka timu ibaki ilipo.

Basi fedha na ziingie. Neno langu ni juu ya kinachotolewa badala yake. Mwaka 2022 Yanga iliendelea na SportPesa kwa mkataba wa miaka 3 wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 12, na Simba ikaingia kwa M-Bet kwa miaka 5 na zaidi ya shilingi bilioni 26. Nayo ni kamari pia. Hesabu hizo ziligeuka kuwa utani: wetu mkubwa, wenu mdogo. Yafanana na beni, lakini si beni. Mtu wa Marini alijivunia mali iliyotoka katika mfuko wake na wa wenziwe. Huyu wa leo ajivunia mfuko wa mtu ambaye mwaka jana alikuwa amekivaa kifua cha pande zote mbili, na ambaye kesho aweza kukiacha.

Shabiki naye hutoa chake. Kila msimu jezi mpya huonyeshwa, na sherehe mbili kubwa za kuufungua mwaka wa mpira, Simba Day iliyoanza mwaka 2009 na Wiki ya Mwananchi iliyoanza mwaka 2019, zimekuwa pia siku za kuivaa jezi hiyo. Kununua jezi halali kwasifiwa kuwa ndiko kuisaidia timu, na anunuaye ya kuigiza kwa mchuuzi wa barabarani huambiwa kuwa si shabiki wa kweli. Upo ukweli hapo, kwani nguo ya kuigiza haiiletei klabu kitu. Lakini hebu tuangalie mapatano yake tukikumbuka ya kanga. Mnunuzi wa kanga hulipa mara moja, akapata nguo na kauli. Mnunuzi wa jezi hulipa, akapata nguo, na kauli aliyoinunua ni ya mtu mwingine. Huitembeza sokoni, msikitini, kanisani na shambani bila ujira, na mwakani huambiwa imechakaa, ingawa nyuzi zake ni nzima. Mbao za matangazo hukodishwa kwa fedha. Kifua hiki hulipa ili kikodishwe.

Dawa yake haihitaji mapinduzi. Uingereza, ambako jina la Sunderland lilitoka, vilabu vya Ligi Kuu vilikubaliana mwaka 2023 kuyaondoa majina ya kamari mbele ya jezi kuanzia msimu wa 2026/27. Ikiwa wao wenye soko kubwa kuliko wote wameona haja hiyo, sisi hatutaitwa washamba tukiiona. Tena sisi tuna nguvu wasiyokuwa nayo wengi wao. Simba ilipoanza kumkaribisha mwekezaji mwaka 2017, kanuni iliyokuja kushikwa ilikuwa wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asizidi asilimia 49. Asilimia hizo hutajwa sana katika habari za mali na uongozi. Sijasikia zikitajwa katika habari za maneno. Mwenye asilimia 51 za nyumba ana haki ya kuulizwa kipi kiandikwe mlangoni.

Napendekeza kipimo cha kanga. Mwuzaji apewe mahali pa K.H.E., pembeni, kwa herufi za adabu, naye alipe haki yake. Na mahali pa jina parudishiwe wenyewe. Daima mbele, nyuma mwiko, liandikwe kifuani. Nguvu moja, liandikwe kifuani. Itasemwa kuwa hakuna atakayelipa mabilioni kwa herufi ndogo, na yamkini fedha zitapungua. Hilo ni la kupimwa na wanachama katika mkutano wao mkuu, baada ya kuambiwa wazi wauzacho ni nini, maana hadi leo wameambiwa bei tu. Wanachama wa mwaka 1971 walikuwa na jina lenye kombe la ligi juu yake, wakaona halikuwa lao, wakalivua. Timu haikufa, na hakuna mtu wa Msimbazi leo alitakaye jina lile lirudi.